Dietrich Brandis: Aliyehesabu mitiki juu ya tembo

Mkulima wa Kenya anayelima mahindi katikati ya miche kwenye msitu wa serikali, kisha anahama miti ikishakua, anafuata utaratibu uliosambaa kutoka Burma, Myanmar ya leo. Aliyeutumia huko katika karne ya 19 ni Mjerumani, Dietrich Brandis.

Alizaliwa Bonn mwaka 1824, akasomea mimea na kuifundisha chuoni. Mwaka 1856 Waingereza, waliokuwa wameiteka Pegu, walimkabidhi misitu ya mitiki.

Kibarua hicho kilikuwa kigumu. Mbao za mtiki zilitakiwa kwa ajili ya meli, na wafanyabiashara wa Rangoon walitaka kukata watakavyo. Miti iliyobaki haikujulikana ni mingapi.

Brandis akapanda tembo, akaingia porini na vijiti mkononi. Kila kijiti kilikuwa cha unene fulani wa mti. Akiona mtiki, anatia alama kwa kisu. Kwa hesabu hiyo alipanga miti ya kukata kila mwaka isizidi ile inayokua.

Kulikuwa pia na Wakaren, waliolima kwa kufyeka na kuchoma msitu. Badala ya kuwatimua, alipatana nao: walime, ila wapande mitiki kati ya mazao yao. Utaratibu huo unaitwa taungya. Ulipofika Kenya, ukaitwa mfumo wa shamba.

Mwaka 1864 akawa mkuu wa misitu ya India yote. Mwaka 1878 ilianzishwa shule ya misitu Dehra Dun, ili wataalamu wafundishwe hukohuko India.

Lakini mwaka huohuo alishindwa jambo kubwa. Alitaka vijiji vipewe misitu yao. Sheria mpya ikaipa serikali nguvu zaidi, na wanakijiji wengi wakabanwa kwenye misitu waliyoitegemea kwa kuni na malisho. Ugomvi wa nani mwenye msitu haukuisha hapo.

Aliondoka kwenye wadhifa huo mwaka 1883. Akiwa mzee bado aliandika: kitabu chake kuhusu miti ya India kilitoka mwaka 1906. Mwaka huo pia Dehra Dun ikapata taasisi ya utafiti wa misitu, ambayo ipo hadi leo.

Brandis alifariki Bonn mwaka 1907, akiwa na miaka 83.