Mishipa ya masikio ya Beethoven

Msomaji, hata kama hujawahi kugusa piano, jina la Ludwig van Beethoven utakuwa umelisikia. Alizaliwa Bonn, Ujerumani, mwaka 1770, akahamia Vienna mwaka 1792, na huko muziki ukampa jina na riziki. Hakuwa amefikisha miaka 30 masikio yalipoanza kumsumbua: mvumo usiokoma usiku na mchana, kisha sauti nyembamba zikaanza kumpotea.

Mwanamuziki atamwambia nani kwamba hasikii? Akaficha, akaanza kukwepa watu. Madaktari walimwogesha maji baridi, mara ya uvuguvugu, wakamtia mafuta ya lozi masikioni, wakamfunga magome ya mti mikononi hadi ngozi ikatoka malengelenge. Usiwacheke, wapo majirani zetu ambao hadi leo wanakamulia kitunguu saumu sikioni. Mwaka 1802 alifikiria kujiua, akawaandikia ndugu zake barua ndefu ambayo hakuituma. Kuanzia mwaka 1818 wageni walizungumza naye kwa kuandika kwenye daftari, naye aliendelea kutunga.

Alifariki Machi 26, 1827. Kesho yake Dk. Johann Wagner aliupasua mwili, akakuta mishipa ya fahamu ya kusikia imesinyaa, wa kushoto ukiwa mwembamba zaidi. Chanzo cha uziwi wake hakijulikani mpaka leo, ingawa hata nywele zake zimepimwa vinasaba.

Mishipa hiyo ndiyo inayotuhusu leo. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Kwa binadamu zikifa haziwi tena. Seli za fahamu zinazobeba taarifa kwenda kwenye ubongo hazifi siku hiyo. Hunyauka polepole baadaye. Kwa nini?

Watafiti waliwatia panya uziwi kwa kanamaisini, dawa ya sindano iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu. Wakaona seli za kinga za mwili zikijazana penye seli za fahamu, kana kwamba kuna maambukizi. Panya waliopewa dawa za kutuliza hali hiyo, ibuprofeni au deksamethasoni, walibaki na seli nyingi zaidi zilizo hai.

Usikivu haurudi kwa njia hiyo. Lakini kifaa cha kusikia kinachopandikizwa ndani ya sikio hufanya kazi kwa kusisimua seli hizohizo za fahamu kwa umeme, na zikiwa zimekwisha hakina cha kusisimua.

Hao ni panya, kwa hiyo usikimbilie duka la dawa. Ibuprofeni ikizidi huumiza tumbo na figo. Ila ukiamka sikio moja limezima ghafla, usisubiri nta ijitoe yenyewe. Muone daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za jamii ya deksamethasoni tayari hutumika kwa tatizo hilo, na kadiri wiki zinavyopita ndivyo nafasi ya kupona inavyopungua.