Habari za Alexander von Humboldt, Mjuzi wa Mimea

Wenzangu wengi hapa shuleni hudhani kwamba elimu ya mimea ni kazi ya kukariri majina ya majani tu. Basi napenda kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyeonyesha vingine.

Alexander von Humboldt alizaliwa mjini Berlin, Ujerumani, tarehe 14 Septemba 1769. Alipokuwa kijana alikagua machimbo ya madini kwa kazi ya serikali. Mwaka 1796 mama yake alifariki, akamwachia mali nyingi. Mwingine angalijenga majumba; yeye aliacha kazi, akanunua vyombo vya kupimia joto, hewa na urefu wa milima. Mwaka 1799 akapanda merikebu huko Hispania pamoja na rafiki yake Mfaransa, Aimé Bonpland, wakaenda Amerika ya Kusini.

Mwaka 1800 walifika penye ziwa Valencia, nchini Venezuela. Wenyeji walikuwa na wasiwasi, maana maji yalikuwa yakipungua. Humboldt akachunguza, akaona kwamba watu wamefyeka misitu ya vilimani na kugeuza vijito viende mashambani. Pasipo miti, mvua hukimbia pamoja na udongo, na chemchemi hukauka.

Tarehe 23 Juni 1802 wakapanda Chimborazo, mlima uliodhaniwa siku zile kuwa mrefu kuliko yote duniani. Wapagazi walirudi palipoanza theluji. Humboldt na wenzake wachache wakaendelea, fizi zikiwatoka damu, hata wakazuiwa na ufa mkubwa. Kwa kipimo chake walikuwa wamepita futi 19,000.

Kileleni hawakufika, lakini Humboldt alikuwa amekwisha kuona jambo kubwa katika milima ile. Chini kuna migomba na miti ya jamii ya mnazi, juu yake misitu na miti ya kwinini, kisha nyasi, kisha vimea vidogo vinavyoshika mawe, mwisho theluji tupu. Mimea haikai ovyo. Hukaa kwa jamii, na kila jamii ina kimo chake, kwa kadiri ya joto na hewa. Mwaka 1807 alitoa kitabu juu ya jambo hilo, pamoja na picha ya mlima, majina ya mimea yameandikwa kila moja mahali pake.

Urithi wake wote ulikwisha kwa safari na kuchapisha vitabu. Alifariki Berlin tarehe 6 Mei 1859, mwenye miaka 89.

Kwetu Uganda, apandaye Ruwenzori huona sheria ile ile: msitu, halafu mianzi, halafu lobelia ndefu kuliko mtu, halafu mwamba na theluji. Msitu si ng'ombe, hata ufukuzwe hapa ukalishwe pale. Ukiufyeka, umevunja jamii nzima, na watu wa bondeni watakosa maji. Mwaka huu namaliza masomo. Jamaa zangu wangependa niwe wakili, lakini mimi nimewaomba ruhusa nikasome habari za misitu.