Albert Howard, Mtaalamu Aliyewafanya Wadudu Kuwa Walimu Wake

Askari anayehamishwa kutoka kituo hadi kituo amezoea jambo moja. Akifungua mlango wa nyuma wa nyumba aliyopewa, hukuta kijishamba kilichoachwa na mwenziwe aliyemtangulia. Mara nyingi udongo wake umechoka, majani ya sukuma wiki yamejikunja kwa kufyonzwa na vidukari, na wazo la kwanza linalomjia ni kwenda dukani kutafuta dawa ya kuua wadudu. Nasi tumepata kuishi katika nyumba za namna hiyo, na dukani tulikwenda mbio kama wengine. Kwa hiyo leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyeikuta bustani kama hiyo nyumbani kwake, naye akakataa kabisa kuinyunyizia dawa.

Mtu huyo ni Albert Howard. Alizaliwa tarehe 8 Desemba 1873 katika mkoa wa Shropshire, Uingereza, akiwa mtoto wa mkulima. Alikulia mashambani, kisha akasomea sayansi London na katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akafaulu vizuri sana. Mwaka 1899 alipelekwa katika visiwa vya West Indies kuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea yaletwayo na ukungu. Kazi yake ilikuwa kukaa maabara, kuchungulia majani ya miwa na ya mikakao kwa hadubini, na kuwaandikia wenye mashamba ushauri. Lakini yeye mwenyewe hakuwa na hata kipande cha ardhi ambamo angeweza kuujaribu ushauri huo kabla ya kuwapa wengine. Jambo hilo lilimkera mno, na tunaamini kwamba ndilo lililoyageuza maisha yake yote. Aliporudi Uingereza mwaka 1903 alifanya kazi kwa muda mfupi katika chuo cha kilimo cha Wye, kisha mwaka 1905 akaenda India. Mwaka huohuo alimwoa Gabrielle Matthaei, mwanamke msomi wa elimu ya mimea.

Huko Pusa, katika jimbo la Bihar, alipewa ekari 75. Sasa alikuwa na shamba lake la kujifunzia. Ikumbukwe kwamba serikali ya kikoloni ilimpeleka India ili awafundishe wakulima. Yeye alipotembea vijijini alikuta kwamba mimea ya wakulima wale, ambao hawakuwa na mbolea ya dukani wala bomba la kunyunyizia dawa, haikuwa na wadudu wengi wala magonjwa mengi. Basi akaigeuza kazi yake juu chini. Badala ya kuwafundisha, alikaa kuwatazama: wanavyochanganya kunde na nafaka katika shamba moja, wanavyochagua mbegu inayoikubali ardhi ya mahali pale, wanavyorudisha samadi udongoni. Mwalimu wake wa pili alikuwa mdudu mwenyewe. Howard alianza kumwona mdudu kuwa kama mkaguzi anayepita shambani: akilivamia tuta, ametoa taarifa kwamba mbegu iliyopandwa haifai mahali pale, au udongo umenyimwa chakula, au maji yamekwama na mizizi haipati hewa. Kumwua mkaguzi, kwa maoni yake, hakuondoi kosa alilokuja kulitaja. Kufikia mwaka 1910 aliona kwamba ameweza kupata mavuno yenye afya bila ya dawa yoyote.

Alikuwa na jozi sita za maksai, akawalisha majani ya shamba lake, asikubali wachanjwe. Ng'ombe wa majirani walipopatwa na ugonjwa wa midomo na miguu, maksai wa Howard walifikia hatua ya kugusana nao pua kwa pua juu ya ua, wala hawakuugua. Jambo hilo alilieleza kwa fahari mpaka uzeeni. Hapa lazima tuseme yaliyo moyoni mwetu: askari mwenye ng'ombe asithubutu kuliiga. Ugonjwa huo huenezwa na virusi, na mifugo iliyoshiba vizuri huambukizwa pia. Sotoka, tauni iliyokuwa ikifagia mifugo ya Afrika Mashariki, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetoweka duniani, na iliyoitokomeza ni chanjo, ambayo moja iliyokuwa bora sana ilitengenezwa Muguga, Kenya. Mtu mkubwa naye hukosea, na Howard alikosea zaidi pale alipopenda kulifanya jambo moja kuwa jibu la mambo yote.

Kazi yake iliyodumu aliifanya katika mji wa Indore, ambako tangu mwaka 1924 hadi 1931 aliongoza taasisi ya kilimo yenye ekari 300. Hapo, akisaidiwa na mtaalamu wa Kihindi aliyeitwa Yeshwant Wad, alitengeneza utaratibu wa kugeuza takataka zote za shamba kuwa mboji. Walichimba mashimo mapana yenye kina cha futi mbili. Humo walitandaza majani na mabua kiasi cha inchi sita, juu yake samadi inchi mbili, kisha wakanyunyiza majivu ya kuni na udongo uliolowa mkojo wa ng'ombe, wakamwagia maji, wakaanza tabaka jingine. Miti ya mbaazi na ya pamba, ambayo ni migumu kuoza, waliitandaza barabarani ili isagwe na magurudumu ya mikokoteni, jambo lililowapunguzia kazi bila gharama. Lundo lilipata joto hata kufikia nyuzi 65, joto linalotosha kuua mbegu nyingi za magugu. Baada ya wiki mbili hivi liligeuzwa mara ya kwanza, mwisho wa mwezi mara ya pili, na baada ya miezi miwili mara ya tatu. Siku ya tisini mboji ilikuwa tayari, nyeusi, isiyo na harufu mbaya. Howard hakuupa utaratibu huo jina lake, bali jina la mji ule wa Indore.

Gabrielle, aliyeshirikiana naye kwa miaka 25 katika kila kazi na kila maandishi, alifariki mwaka 1930, kabla ya kitabu cha mboji kutolewa mwaka 1931. Baada ya hapo utaratibu wa Indore ulisafiri. Mwaka 1933 ulikuwa umeanza kutumika katika shamba la kahawa karibu na Kiambu, Kenya. Mwaka 1934 Howard alitunukiwa cheo cha Sir.

Ndipo tunafika kwenye bustani tuliyoitaja mwanzo. Aliporudi Uingereza alinunua nyumba ambayo bustani yake ilikuwa imechoshwa kabisa. Miti ya matufaha ilikuwa imefunikwa na vidukari wenye ute mweupe kama pamba, na kila mmea ulikuwa na mdudu wake. Hakununua dawa. Alikusanya takataka zote za bustani, akachanganya na samadi, akautia udongo mboji mwaka baada ya mwaka. Wadudu walipungua polepole, na baada ya miaka kama mitatu walikuwa wameondoka, wale vidukari weupe wakiwa wa mwisho.

Je, mboji pekee ndiyo iliyowafukuza? Wataalamu wa leo wangeongeza sababu nyingine ambayo Howard hakuitilia mkazo. Bustani isiyonyunyiziwa sumu hurudiwa na maadui wa vidukari, wakiwamo wale wadudu wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, ambao hula vidukari kutwa. Sumu huwaua hao pamoja na wabaya, na vidukari, ambao huzaana upesi zaidi, hurudi uwanja ukiwa mtupu. Tena wapo wadudu wasiojali afya ya udongo. Viwavijeshi vya kutoka Amerika, vilivyogunduliwa barani Afrika mwaka 2016, hulila hindi lililonawiri sawasawa na lililodhoofu. Hao yafaa kuviziwa mapema alfajiri na kuokotwa kwa mkono kabla ya kuzama ndani ya bua.

Mwaka 1940 Howard alitoa kitabu chake kilichojulikana zaidi, kiitwacho An Agricultural Testament, wakati Uingereza imo vitani na wananchi wanahimizwa kulima hata viwanja vya maua. Kitabu hicho ndicho kilichomwamsha J. I. Rodale wa Marekani, ambaye mwaka 1942 alianzisha jarida la kilimo kisichotumia kemikali za viwandani. Wataalamu wengi wa mbolea za viwandani walimpinga Howard vikali, naye akawajibu kwa ukali uleule mpaka mwisho.

Alifariki tarehe 20 Oktoba 1947, akiwa na umri wa miaka 73. Louise, mdogo wake Gabrielle, ambaye Howard alimwoa mwaka 1931, aliendelea kuzitunza kazi zake, na mwaka 1953 akatoa kitabu juu ya miaka aliyoishi India, miongoni mwa wakulima waliomfundisha.