Joseph Ng'ang'a na Silaha ya Sala

Atembeaye Nakuru, Njoro, Elburgon au Molo siku ya Jumapili hatakosa kuwaona Wakorino. Hawa ni Wakristo, wake kwa waume, wenye vilemba vyeupe, nao huvua viatu kabla ya kuingia kusali. Mtu wa kwetu pwani huweza kusita, asijue awape salamu gani. Leo napenda kumweleza msomaji habari za marehemu Joseph Ng'ang'a, mmoja wa waliotangulia katika imani hiyo.

Ng'ang'a alikuwa Mkikuyu wa upande wa Gatundu, Kiambu. Mwaka 1926, ambao Agano Jipya lilitoka kwa Kikikuyu, alijitenga na watu. Muda wa miaka mitatu hivi alishinda akisoma na kuomba. Kwetu Waislamu jambo hili si geni, twaliita khalwa. Alipotoka, alifundisha kwamba wamisheni si mabawabu wa mlango wa Mungu. Muumini amekwisha kupewa sala, ndoto na Roho Mtakatifu. Lililobaki ni yeye mwenyewe kuvitumia.

Zama zile zilikuwa ngumu. Ardhi ilikuwa imechukuliwa na walowezi, na mwaka 1929 Wakikuyu wengi walikosana na wamisheni juu ya tohara ya wasichana, wakatoka makanisani. Wafuasi wa imani mpya waliitwa Watu wa Mungu. Walikataa vitu vya Kizungu, hata dawa za hospitali, wakatembea na pinde na mishale. Wenyewe walisema hizo ni alama za vita na pepo wabaya. Serikali ya kikoloni iliona uasi. Februari 1934, katika msitu wa Ndarugu, polisi walimpiga risasi Ng'ang'a na wenzake wawili, wakafa.

Huenda mtu akauliza: basi sala zake zilimfaa nini? Nami nasema, tutazame yaliyofuata. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta aliwaandika Watu wa Mungu katika kitabu chake Facing Mount Kenya. Wakikuyu waliokwenda kutafuta kazi na mashamba katika Bonde la Ufa walikwenda na imani hiyo, na hata leo ngoma za Wakorino husikika huko. Mishale ya Ng'ang'a haikumkinga na risasi, lakini sala aliyowafundisha watu haikuzikwa pamoja naye.

Katika kukataa dawa sikubaliani naye, kwani aliyeumba maradhi ndiye aliyeumba na dawa. Dini yake pia si yangu. Lakini sisi nasi tulifunzwa chuoni tangu utotoni kwamba dua ni silaha. Tuna misikiti, tuna usiku wa manane, tuna mwezi wa Ramadhani. Wangapi kati yetu huishika silaha hiyo kabla ya kufikwa na shida?