Wasifu wa Mfano: Mfalme Liholiho wa Hawaii

Mwanafunzi, kabla ya kuchambua wahusika wa kitabu chako teule, soma wasifu huu. Unamhusu kiongozi ambaye sura yake imehifadhiwa pichani, ila picha hiyo haisimulii yote.

Kutawazwa
Liholiho alizaliwa mwaka wa 1797 katika visiwa vya Hawaii, Bahari ya Pasifiki. Babake, Kamehameha wa Kwanza, ndiye aliyeviunganisha visiwa hivyo. Alipofariki mwaka wa 1819, Liholiho alirithi ufalme akaitwa Kamehameha wa Pili. Ka'ahumanu, mmoja wa wajane wa babake, alishirikiana naye madarakani.

Kuvunja miiko
Enzi hizo wanaume na wanawake hawakula pamoja, na wanawake walikatazwa nyama ya nguruwe. Aliyekiuka mwiko aliweza kuuawa. Mwaka huohuo, akihimizwa na mamake pamoja na Ka'ahumanu, Liholiho aliketi akala na wanawake hadharani. Mlo huo mmoja uliangusha mfumo mzima wa miiko. Binamu yake aliyepinga aliuawa vitani.

Anasa
Liholiho alipenda pombe na fahari. Mwaka wa 1820 alinunua meli ya starehe kwa miti ya msandali, na raia ndio waliotaabika kuikata milimani.

Safari ya Uingereza
Mnamo Novemba 1823 yeye na mkewe Kamamalu walipanda meli ya wawinda nyangumi. Alikusudia kukutana na Mfalme George wa Nne ili kuimarisha urafiki wa mataifa yao. Walifika Mei 1824. Wachora vibonzo wa London waliwadhihaki, lakini msanii John Hayter aliwachora kwa heshima, wakiwa katika mavazi ya Kizungu.

Michoro hiyo ilitolewa kwa chapa ya jiwe. Msanii huchora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe lililosawazishwa, kisha jiwe hulowanishwa. Wino hushika penye mafuta tu, na karatasi ikikandamizwa juu yake hupokea mchoro. Hivyo nakala nyingi ziliweza kuuzwa.

Kifo
Kabla ya kuonana na Mfalme George, walishikwa na surua, ugonjwa ambao miili yao haikuwa na kinga dhidi yake. Kamamalu alifariki tarehe 8 Julai 1824 akiwa na umri wa miaka 22 hivi. Liholiho akamfuata siku sita baadaye. Manowari ya Uingereza iliirejesha miili yao Hawaii mwaka wa 1825. Mdogo wake Liholiho, aliyekuwa bado mtoto, akarithi kiti.

Tanbihi ya mtahini
Anayeitazama picha pekee ataandika kuwa Liholiho ni mtanashati na mtulivu. Aliyesoma maisha yake ataandika kuwa ni jasiri, mwanamageuzi na mbadhirifu, kila sifa pamoja na tukio linaloithibitisha. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kutaja sifa bila ushahidi. Usiwe miongoni mwao.

Zoezi
1. Fafanua sifa nne za Liholiho. (alama 8)
2. Onyesha jinsi wanawake walivyochangia mageuzi katika utawala wake. (alama 4)
3. Linganisha Liholiho na kiongozi mmoja katika kitabu chako teule. (alama 8)