Al-Khwarizmi, Mwalimu wa Aljebra

Mzee anapofariki na kuacha shamba, watoto wake hugawana. Mgawo ukikosewa, ndugu huacha kusalimiana. Zamani sana alikuwapo mtu aliyeandika kitabu cha hesabu ili kuwasaidia watu katika mambo kama hayo. Mtu huyo ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi.

Al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780. Jina lake linatokana na Khwarizm, nchi iliyo kusini ya ziwa la Aral, katika Asia ya Kati. Alifanya kazi Baghdad, katika nchi ya Iraq. Khalifa al-Mamun, aliyetawala kutoka 813 hadi 833, alipenda sana elimu. Wataalamu walikusanyika mjini humo katika Nyumba ya Hekima. Al-Khwarizmi alikuwa mmoja wao.

Yapata mwaka 820 aliandika kitabu cha hesabu za al-jabr. Kutokana na neno hilo tumepata neno aljebra. Ndani yake alieleza hesabu za mirathi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Hakutumia alama kama za siku hizi. Alieleza yote kwa maneno.

Hebu tutazame hesabu yake moja. Tuifanye ya shamba, ili tuielewe vizuri.

Shamba lina urefu unaozidi upana kwa hatua 10. Eneo lake ni hatua za mraba 39. Je, upana ni hatua ngapi?

Al-Khwarizmi alifundisha hivi. Chukua nusu ya 10, yaani 5. Zidisha 5 kwa 5, upate 25. Jumlisha 25 na 39, upate 64. Sasa tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 64. Namba hiyo ni 8. Toa ile 5. Zinabaki 3. Basi upana ni hatua 3, na urefu ni hatua 13. Hakikisha: 3 mara 13 ni 39.

Siku hizi wanafunzi wa sekondari hufundishwa pia njia ya kutafuta vigawo. Hutafuta namba mbili ambazo zikizidishwa hutoa 39, na tofauti yake ni 10. Wakijaribu 1 na 39, tofauti ni 38. Haifai. Wakijaribu 3 na 13, tofauti ni 10. Hapo wamepata jibu. Njia hii ni ya haraka, lakini ni vigumu kuitumia jibu lisipokuwa namba kamili. Hapo njia ya al-Khwarizmi husaidia.

Al-Khwarizmi hakuishia kutoa jibu. Alichora mraba, akaonyesha kwa picha kwa nini njia yake ni ya kweli. Hivyo msomaji hakulazimika kumwamini tu. Aliweza kuhakikisha mwenyewe.

Pia aliandika kitabu kuhusu namba za Wahindi. Hizo ndizo namba 0 hadi 9 tunazotumia leo. Alifariki yapata mwaka 850, lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1145 kitabu chake cha aljebra kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Hispania. Baadaye kilisomwa Ulaya kwa miaka mingi.

Ndugu msomaji, sasa wewe pia unajua kusoma na kuhesabu. Siku shamba lako litakapopimwa, usikae pembeni ukingoja kuambiwa. Chukua kalamu, nawe uhesabu. Asiyejua hesabu hupunjwa huku akishukuru.

Maswali

1. Kitabu cha al-Khwarizmi kiliwasaidia watu katika mambo gani?
2. Kwa nini alichora picha baada ya kupata jibu?
3. Shamba lina urefu unaozidi upana kwa hatua 6. Eneo lake ni hatua za mraba 40. Tafuta upana na urefu wake.