Louis Pasteur na Fuwele za Kulia na Kushoto

Louis Pasteur alizaliwa Dole, Ufaransa, mwaka 1822, mwana wa mtengeneza ngozi. Katika mtihani wa mwaka 1842 alipata alama hafifu za kemia. Hata hivyo, mwaka uliofuata aliingia École Normale ya Paris, chuo cha kuandaa walimu, akawa mwanachuo kama walivyo wasomaji wetu.

Siku hizo wanakemia walitatizwa na fumbo. Asidi ya tatariki, itokanayo na mapipa ya divai, ilipindisha upande wa kulia nuru iliyopitishwa katika chombo maalumu. Asidi pacha wake, yenye elementi zilezile kwa vipimo vilevile, haikuipindisha kabisa. Eilhard Mitscherlich, bingwa wa Ujerumani, alikuwa ametangaza kwamba fuwele za chumvi zao zafanana kwa kila hali.

Mwaka 1848 Pasteur, kijana wa miaka 25, alizichungua upya. Akaona kwamba fuwele za yule pacha ni za aina mbili: nyingine zina nyuso ndogo zilizoelekea kulia, nyingine kushoto, mfano wa jozi ya katambuga. Akazitenga moja moja kwa mkono. Alipoziyeyusha mbalimbali, kundi moja lilipindisha nuru kulia na jingine kushoto. Zilipochanganywa sawa kwa sawa, zikatanguana. Mzee Jean-Baptiste Biot hakusadiki mpaka jaribio liliporudiwa mbele yake.

Baadaye Pasteur aligeukia vijidudu na chanjo, akafariki mwaka 1895. Mwaka 1874 van 't Hoff na Le Bel walikuwa wameeleza sababu ya fumbo lile: kaboni iliyoshika vitu vinne tofauti yaweza kupangwa kwa namna mbili.

Mwalimu wa Bariadi aweza kulionyesha jambo hili bila maabara. Afinyange madonge mawili ya udongo, achomeke katika kila moja vijiti vitatu kama miguu ya kigoda na cha nne juu. Kwenye ncha aweke punje za mahindi, choroko, dengu na pamba. Katika donge la pili abadilishe nafasi za punje mbili tu. Kisha awaachie watoto wajaribu kuyalinganisha. Watayageuza huku na huku, wala hayatalingana.

Jambo hili lawahusu watoto wenyewe. Prazikwanteli, dawa ya kichocho inayogawiwa shuleni katika mikoa ya Ziwa, ina pacha wawili wa namna hiyo: mmoja huua minyoo, wa pili hufanya kazi ndogo sana, bali uchungu wake ni mwingi.

Basi tusiharakishe kuwaambia wanafunzi jibu, wala tusimhukumu mtoto kwa alama za mtihani mmoja. Tumpe kwanza kitu mkononi akitazame.